Jumapili ya kijana wa Dar ina kiingilio

Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, Barabara ya Toure hufurika watu. Vijana wanatoka Tandale, Manzese, Mbagala na Gongo la Mboto. Wengine wamepanda magari mawili, wakashuka Namanga na kumalizia kwa miguu mpaka Coco Beach. Maji yakikupwa mpira unaanza mchangani, timu zinapangwa papo hapo, wenye fulana dhidi ya vifua wazi. Pembeni muhogo unatolewa kwenye mafuta, unachanwa katikati, unatiwa chumvi, pilipili na kachumbari. Wapo wanaonunua muhogo na soda, na wapo wanaokaa mpaka jua linazama bila kununua chochote. Hakuna anayewafukuza.

Hilo la kutofukuzwa ndilo linalonifanya niandike. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Katika jiji la ukubwa huo, sehemu ambako kijana anaweza kukaa saa tatu bila mhudumu kuja kumuuliza anatumia nini zinahesabika. Tunajadili sana ajira za vijana, mikopo ya vijana na maadili ya vijana. Saa zao za baada ya kazi tumewaachia wenye baa, wenye kampuni za kubashiri na wenye kuuza bando. Naona hapo tumekosea pakubwa, na watu wa kwanza kulipia kosa hilo ni wale wenye kipato kidogo kabisa.

Tuanze na muda wenyewe, maana ukisikia baadhi ya wazee wakiongea utadhani kijana wa mjini ana muda wa kumwaga. Chukua binti anayeuza duka la vitambaa Kariakoo na anaishi Kibamba. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja na nusu yuko kituoni anagombea gari la kumfikisha Kimara, na Kimara kuna foleni nyingine ya mwendokasi. Mabasi hayo yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, wengi tulishusha pumzi, kwa kuwa barabara yake ni ya peke yake na gari likishaondoka linakwenda kweli. Kazi ni kulipata. Jioni mzunguko ule ule unarudi kinyume. Akifika nyumbani ni saa mbili na nusu, pengine saa tatu. Siku sita kwa wiki. Mapumziko yake yote yamebanwa kwenye Jumapili moja, na nusu ya Jumapili hiyo ni ya kufua.

Anaporudi, anarudi wapi? Chumba kimoja cha kupanga, ambacho mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kitanda, jiko la gesi, ndoo za maji, begi la nguo, feni. Kuanzia Desemba mpaka Februari bati linachemka hadi usiku wa manane. Rafiki wawili wakija kumtembelea, mmoja anakaa kitandani na mwingine mlangoni. Maisha ya starehe ya kijana wa namna hii hayana budi kuwa nje ya nyumba.

Zamani nyumba yenyewe ilikuwa na jibu. Nyumba ya Kiswahili tunayoijua Ilala, Magomeni au Temeke, ile ya vyumba sita na ukoridi katikati, ilijengwa na baraza mbele. Baraza lilikuwa la kila mtu: mpangaji, jirani, mpita njia aliyechoka. Hapo palichezwa bao, palisukwa nywele, palipigwa soga mpaka usiku. Nyumba tunazojenga leo Goba, Kinyerezi na Chanika zinaanza na ukuta na geti. Sisemi watu wasijenge uzio, wizi upo na kila mtu anautaka usalama wake. Ila mtaa wenye kuta pande zote mbili umepoteza sehemu ya kukaa, na hakuna mamlaka iliyowahi kuweka kitu mbadala.

Ndiyo maana kijiwe kimebaki kuwa taasisi kubwa kuliko tunavyokubali. Benchi la mbao chini ya mwarobaini, ubao wa drafti wenye vizibo vya soda, mzee wa kahawa na birika lake na kashata kwenye karatasi. Wanabishana Simba na Yanga, wanabishana mishahara ya wabunge, wanaulizana nani anajua fundi rangi wa haraka. Vibarua vingi vya mjini vinapatikana hapo: mtu anapita na pikipiki, anasema anahitaji watu watatu wa kushusha saruji, watatu wanainuka. Asiyekaa kijiweni anaweza kukosa kazi kwa sababu hakuonekana.

Hata hivyo dola imekuwa ikimwangalia kijana aliyekaa kwa jicho baya, na hilo lina historia ndefu. Makosa ya uzururaji yaliingia kwenye Kanuni ya Adhabu wakati wa ukoloni. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kulima, na kosa la wengi wao lilikuwa kukutwa bila kitambulisho cha kazi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi huo ulistahili kujadiliwa kila kona ya mji huu. Kijana anayeogopa kuulizwa kwa nini amekaa hapa hawezi kupumzika.

Sasa twende kwenye kibanda umiza. Banda la mabati, viti vya plastiki au mabenchi, luninga mbili au tatu, kiingilio cha shilingi 500 au 1,000 kwa mechi. Ukitazama mechi kubwa ya Ulaya ukiwa ndani ya kibanda cha Tandika utaelewa kwa nini watu hawabaki nyumbani na simu zao, maana raha ya mpira ni kelele. Mtu aliyeshinda kutwa akiagizwa na kila mmoja, pale ndani maoni yake yana uzito sawa na ya wengine, na akimpatia mchezaji kasoro atajibiwa kwa hoja. Nawapenda watu wa vibanda umiza kwa dhati. Waliona hitaji ambalo halmashauri haikuliona, wakalijengea kwa mabati.

Tatizo limeingia na mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo mtu anazibashiria kwa pamoja. Miaka kadhaa iliyopita kubashiri kulikuwa jambo la wachache wenye kufika kwenye duka la kamari. Leo kumo ndani ya simu, kunalipiwa kwa pesa ya simu, na dau linaanzia shilingi mia chache. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubashiri ilizidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, jina lake likawa kifuani mwa timu zote mbili ambazo nchi nzima imegawana. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumweleza kijana wa miaka 19 kwamba mpira na kubeti ni vitu viwili tofauti.

Tuipige hesabu, kwa sababu mijadala mingi kuhusu mkeka inaishia kwenye mahubiri. Kijana anachagua mechi 10, zote timu kubwa dhidi ya timu dhaifu, kila moja ina odi ya 1.5, yaani ukipatia dau linazidishwa kwa 1.5. Odi hizo zikizidishana zinafika karibu 58, kwa hiyo shilingi 500 inaahidi kama shilingi 28,800. Kila mechi peke yake inaonekana ya uhakika. Lakini hata tukisema kila timu ina nafasi mbili kati ya tatu za kushinda, nafasi ya zote 10 kushinda siku hiyo hiyo haifiki asilimia 2. Na odi ya 1.5 imeshakatwa faida ya kampuni, maana yake nafasi halisi ya kila timu iko chini kidogo ya hizo mbili kwa tatu. Upungufu huo mdogo nao unazidishwa mara 10. Ndiyo maana mkeka huchanika kwenye mechi moja tu, karibu kila wiki, na mwenye nao anaondoka akiamini kwamba alikosa kidogo. Kule kukosa kidogo ndiko kunakomrudisha wiki ijayo.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Nenda lakini kwenye mitaa yenye yale mashine ya sarafu, madubwi, uone urefu wa wanaoyazunguka jioni baada ya shule. Nasema hili kwa hasira. Mtoto anapata mashine ya kamari hatua chache kutoka nyumbani kwao, na kiwanja cha mpira kinambidi avuke barabara kuu mbili.

Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, na ajabu ni kwamba makala nyingi kuhusu vijana humaanisha wavulana. Kijiweni msichana hakai. Akikaa ataitwa jina. Kibanda umiza anaweza kuingia, ila atalazimika kuvumilia macho. Uwanja wa mtaa una magoli mawili na hauna nguzo ya netiboli. Kuanzia saa moja jioni njia ya kutoka kituoni haina taa, kwa hiyo saa zile ambazo kaka yake anaanza kutoka, yeye anatafuta wa kumsindikiza kurudi. Burudani zake zimehamia kwenye sehemu zenye idhini ya jamii: mazoezi ya kwaya, maulidi, vikao vya kikoba, saluni. Saluni ya mtaani Jumamosi inafanya kazi kubwa. Msuko wa saa nne ni saa nne za kuongea na watu wanaokuelewa. Kisha kuna shughuli, kitchen party na sendofu na harusi, ambazo zina raha ya kweli na bei ya kweli. Mchango, sare, zawadi, nauli. Binti mwenye marafiki watano wanaoolewa mwaka mmoja anaweza kujikuta anafanya kazi kwa ajili ya vitenge. Kumlaumu kwamba anapenda sherehe bila kumpa sehemu nyingine ya kucheka na wenzake, mimi naona ni uonevu.

Pamoja na yote hayo, vijana wa jiji hili wamejitengenezea mambo makubwa bila msaada wa mtu. Amka mapema Jumapili moja, simama Barabara ya Kilwa au ya Mandela kabla hakujapambazuka vizuri. Utasikia kabla hujaona: kiongozi anaimba, kundi linaitikia, viatu vinapiga lami kwa mapigo mamoja. Wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la klabu na mtaa. Mbele kuna mtu mwenye kitambaa anasimamisha magari, nyuma kuna wenye miili mizito wanaovutwa taratibu ili asibaki mtu. Ni mama ntilie, mafundi magari, madereva wa bodaboda, makarani, wanaume na wanawake pamoja. Wakimaliza wanapata supu, wanajadili nani anaumwa na nani amefiwa, pesa inachangwa. Temeke ndiyo imelea sana utamaduni huu. Klabu ya jogging ni mazoezi na bima ya msiba kwa pamoja, na ni moja ya sehemu chache ambako msichana anakimbia barabarani akiwa amezungukwa na watu wake.

Mpira wa ndondo nao ni hivyo hivyo. Viwanja vya Kinesi, Bandari na Makurumla, vumbi juu, watu wamejipanga mpaka mstari wa pembeni hauonekani. Mashindano ya Ndondo Cup yalipoanza kutangazwa redioni na kuonyeshwa, jiji zima likagundua kitu ambacho mitaa ilikijua siku nyingi: timu ya mtaa ina mashabiki wenye nyimbo zao, waganga wao wa kusingiziwa na uchungu wa kufungwa usiopungua ule wa Simba na Yanga. Mbwana Samatta, ambaye Novemba 2019 aliifunga Liverpool pale Anfield akiwa na Genk katika Ligi ya Mabingwa, ni mtoto wa Mbagala. Kabla ya akademi yoyote kulikuwa na kiwanja cha mchanga.

Na singeli. Muziki huu umetoka Manzese, Tandale na Mburahati, umechukua mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia, ukauongeza kasi mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ukatengenezwa kwenye kompyuta kuukuu ndani ya vyumba vidogo kama kile cha yule binti wa Kibamba. Kwa miaka mingi uliitwa wa kihuni, na vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vilifukuzwa na polisi. Leo unapigwa kwenye matamasha makubwa Ulaya. Waliouzaa walikuwa vijana waliofunga mtaa kwa turubai usiku mmoja kwa sababu ukumbi hawakuwa nao.

Kuna wakati jiji lilikuwa nao. Pale Mnazi Mmoja pana jengo la Anatoglo, lililojengwa miaka ya 1950 kuwa kituo cha jamii. Palikuwa na dansi na mikutano. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA ndani ya ukumbi huo, na mwaka uliofuata TAA ikazaa TANU, chama kilichodai Uhuru. Uwanja wenyewe wa Mnazi Mmoja chanzo chake ni kibaya: wakoloni waliuacha wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini na Uzunguni. Wananchi wakaugeuza kuwa wao. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 nazo ni kazi za vijana wa Kariakoo waliotaka kucheza mpira jioni.

Baada ya Uhuru, starehe iliendelea kuhesabiwa kuwa shughuli ya umma. Chama cha wafanyakazi kilianzisha bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, ile ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. DDC, shirika la maendeleo la jiji lenyewe, lilikuwa na kumbi Kariakoo na Magomeni Kondoa, likamiliki na bendi ya Sikinde. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Desemba 1967 katikati ya mji. Hata sinema ya Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966, ilikuwa mali ya enzi hizo. Eneo lake leo ni ubalozi wa Marekani. Sitaki kuyapamba yale, maana kiingilio kilikuwepo na bendi zilisimamiwa kwa mkono mzito. Ila kulikuwa na mtu ofisini ambaye kazi yake ilikuwa kujiuliza vijana wa Magomeni wataenda wapi Jumamosi. Leo sijui mlango wa kubisha.

Tulichonacho sasa ni ardhi inayopungua. Kiwanja cha wazi kinachorwa kwenye ramani ya mipango miji, kinakaa miaka kadhaa watoto wakikichezea, kisha asubuhi moja kuna mabati yamezungushwa. Baadaye panaota kituo cha mafuta au safu ya fremu za maduka. Viwanja vya shule za msingi, ambavyo jioni vilikuwa vya mtaa mzima, vinamegwa upande wa barabara kwa ajili ya fremu hizo hizo. Viwanja vikubwa vya Biafra na Tanganyika Packers wiki nyingi ni vya matamasha na mikutano. Na fukwe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Tembea kutoka Msasani kwenda Kunduchi uone ni wapi mwananchi anaweza kuyafikia maji bila kupita kwenye geti la mtu. Coco Beach yenyewe umiliki wake umewahi kugombewa hadi mahakamani.

Watetezi wa hali hii husema halmashauri zinahitaji mapato, na fremu zinalipa kodi ilhali mpira haulipi. Hoja hiyo ina ukweli wa upande mmoja. Fremu 20 zinaonekana kwenye kitabu cha mapato. Vijana 300 waliokosa pa kucheza hawaonekani popote mpaka watokee kwenye kitabu cha polisi au cha zahanati.

Angalia pia tunavyowahesabu vijana kwenye bajeti. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo jema, naliunga mkono. Lakini maana yake ni kwamba kijana anapoonekana kwenye vitabu vya jiji, anaonekana kama mkopaji. Hakuna asilimia ya kiwanja, wala ya taa za njiani kutoka kituoni, wala ya nguzo mbili za netiboli na choo kinachofungwa kwa ndani. Mambo haya ni rahisi kuliko barabara ya kilomita moja, na mtendaji wa kata anajua kabisa yangewekwa wapi.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na fedha zimekwenda kwenye viwanja vya kupokea wageni. Bonde la Msimbazi nalo lina mradi mkubwa wa kuzuia mafuriko, na ndani yake imepangwa bustani ya jiji pale Jangwani, katikati kabisa, hatua chache kutoka makao makuu ya Yanga na vituo vya mwendokasi. Hakuna sehemu nyingine Dar es Salaam inayofikika na vijana wa pande zote kwa nauli ndogo kama hiyo. Madiwani wa Ilala na Kinondoni waulizwe mapema, kabla nyasi hazijapandwa: bustani hiyo itafungwa saa ngapi, itakuwa na taa na vyoo, na je, sheria ndogo itakayoisimamia itaandika wazi kwamba kuingia ni bure na kwamba hakuna kipande chake kitakachopangishwa kwa fremu?